Ismail: Mungu Amesikia. Je, Sisi Tunasikia?



Hapa Nyegezi Waislamu na Wakristo hupanga nyumba moja na kupanda daladala moja. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kilichoanzishwa na maaskofu Katoliki mwaka 1998, kiko jirani yetu, na vijana wa Kiislamu pia husoma humo. Kwa hiyo si ajabu kijana kutujia baada ya sala na kuuliza: "Wenzetu wanasema Nabii Ismail (a.s.) ni mwana wa kijakazi tu. Tuwajibu nini?" Wako wanaotaka kijana huyo apewe silaha ya kwendea kwenye mihadhara. Sisi tunaona ni bora apewe maana ya jina lenyewe.

Wasukuma, wenyeji wa ufuko huu wa ziwa, wanajua kwamba jina hubeba habari. Kulwa ni pacha wa kwanza, Doto ni wa pili, na Shija ni yule aliyezaliwa baada ya mapacha. Ukisikia jina umekwisha kuijua nafasi ya mtu katika nyumba yao. Nasaba za Biblia nazo ni hivyo hivyo: aghalabu jina ni kisa kilichofupishwa.

Kwa Kiebrania jina hilo ni Yishmael, nalo lina sehemu mbili: yishma, yaani husikia, na El, yaani Mungu. Mzizi wake ni ndugu wa neno la Kiarabu samia, ambalo kwalo twapata jina tukufu As-Samiu, Mwenye kusikia. Hata Simeoni, au Simoni kama wanavyoitwa majirani zetu wengi, ni jina la mzizi huo huo (Mwanzo 29:33).

Sasa tuulize: Mungu alimsikia nani? Kitabu cha Mwanzo kinajibu mara tatu. Katika sura ya 16, Hajira, mtumishi kutoka Misri, anateswa na bibi yake, anakimbilia jangwani akiwa na mimba, na malaika anamwamuru amwite mtoto jina hilo kwa sababu Mungu amesikia mateso yake. Katika sura ya 17 Mungu anamwambia Ibrahimu (a.s.) kwamba amesikia ombi lake juu ya Ismail, na kwamba atazaa wakuu 12. Katika sura ya 21, maji yamekwisha nyikani, na Mungu anasikia sauti ya mtoto mwenyewe. Amesikiwa mama, amesikiwa baba, amesikiwa mtoto. Anayelitaja jina hili kwa dharau na asome tena kitabu chake.

Qur'ani Tukufu nayo haikuliacha jina hili peke yake. Katika Sura Ibrahim, aya ya 39, Nabii Ibrahimu anashukuru kwa kupewa Ismail na Is-haka katika uzee, kisha anashuhudia kwamba Mola wake ni Msikivu wa maombi. Katika Al-Baqara, aya ya 127, baba na mwana wanainua misingi ya Al-Kaaba, na dua yao inamwita Mungu kwa jina la Mwenye kusikia. Nasi katika rakaa 17 za faradhi za kila siku, tuinukapo kutoka rukuu, husemwa kwamba Mwenyezi Mungu humsikia amsifuye, na neno la kwanza ni lile lile: samia.

Kwa hiyo jina hili halikuletwa ili wana wa Ibrahimu watukanane. Mwanzo 25:9 inasema kwamba Is-haka na Ismail walimzika baba yao pamoja. Ikiwa wenyewe walisimama kwenye kaburi moja, sisi tunagombea nini?

Lakini ndugu zetu, hoja yetu kubwa haiwahusu Wakristo, inatuhusu sisi. Jina Ismail lilitokana na kilio cha mtumishi wa nyumbani. Na katika nyumba zetu ngapi yumo binti aliyetolewa kijijini, anayeamka kabla ya adhana ya Alfajiri na kulala wa mwisho, anayekula makombo, ambaye mshahara wake hucheleweshwa miezi? Mabinti wengine ni watoto kabisa, ilhali Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Tunakwenda Makka na kutembea mara 7 baina ya Safa na Marwa kwa kufuata nyayo za Bibi Hajira, kisha tunarudi nyumbani kumpigia kelele Hajira wetu!

Mtume Muhammad (s.a.w.) ametufundisha kwamba watumishi ni ndugu zetu: wale tulacho, wavae tuvaacho, wala tusiwabebeshe wasichokiweza. Ametuonya pia kwamba dua ya aliyedhulumiwa haina kizuizi mbele ya Mwenyezi Mungu.

Basi tunashauri kila mwenye nyumba, leo kabla ya kulala, amwite mtumishi wake na kumwuliza: Una deni gani kwangu? Una neno gani moyoni? Amsikilize mpaka amalize, na alipe. Asipomsikia yeye, yuko Asikiaye.

Mwenyezi Mungu atujaalie masikio ya kusikia. Amin.