Mweka hazina alivyonifundisha kazi yangu

Leo nataka kuongea juu ya kiburi chetu sisi waandika programu, nikianza na changu.

Juzi niliwapelekea akina mama wa chama kimoja hapa Ruiru programu niliyowatengenezea ya kuweka hesabu za mikopo. Mweka hazina aliitazama kidogo, akaniuliza: "Mwanangu, mtu akilipiwa na mwenzake, naandika wapi?" Nikabaki kimya. Nina shahada ya sayansi ya kompyuta, lakini swali hilo halikuwa limenipitia akilini. Kwenye programu yangu, aliyelipiwa angeonekana bado ana deni.

Niliporudi nyumbani nikakumbuka yaliyotokea jirani zetu Thika. Oktoba 2005, Safaricom na Vodafone walianza kuijaribu M-Pesa huko Thika, Mathare na katikati ya Nairobi. Mawakala walikuwa 8, wateja hawakufika 500. Walishirikiana na Faulu Kenya, shirika la mikopo midogo, na nia ilikuwa mtu apokee mkopo na kuulipa kwa simu.

Wateja walifundishwa kutumia menyu na namba ya siri. Lakini nao wakawafundisha wahandisi! Kuna waliolipiana mikopo. Kuna walioweka pesa kabla ya safari wakazitoa wakifika. Wafanyabiashara nao wakalaza humo mauzo ya siku. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, habari ya mikopo iliwekwa kando, ikanadiwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani.

Wengine husema mteja hajui anachotaka. Huenda ni kweli, lakini anajua anachofanya kila siku, na hilo sisi hatulijui. Mhandisi anajua mtambo, mtu wa mikopo anajua deni, mwenye duka anajua saa ambayo pesa huisha kwenye droo. Ukimwita mmoja wao mwishoni aje tu "kujaribu", umemwita kuangalia makosa yako. Mwite mapema, muyaepuke pamoja. Ndiyo, kazi itachukua muda zaidi. Lakini mimi sasa nabomoa kazi ya miezi miwili.

Jumamosi narudi kwa akina mama. Kompyuta itabaki nyumbani. Nitabeba karatasi, na mweka hazina ndiye atakayeshika kalamu kwanza.

Je, wewe programu yako ya mwisho uliichora na nani?