Hotuba ya Harambee na Haki ya Mtu wa Garsen

Wahenga walinena kwamba mkono mtupu haulambwi. Nadhani hakuna chama kilichoielewa methali hiyo kuliko KANU, hasa baada ya Kifungu cha 2A cha Katiba kufutwa mnamo Desemba 1991 na vyama vingi kurejea. Tangu hapo hadi kiliposhindwa katika uchaguzi wa Desemba 2002, mkutano wa harambee ulikuwa mojawapo ya majukwaa yake makuu. Naomba niichambue hotuba ya jukwaa hilo, kwani chama kiliondoka madarakani, lakini hotuba yenyewe ilipata wasemaji wapya.

Mwanafunzi yeyote wa fasihi angeutambua muundo wake. Kwanza, mgeni wa heshima aliwasifu wenyeji kwa utiifu wao. Pili, aliwaonya dhidi ya upinzani. Kauli ya Rais Moi kwamba siasa mbaya ni maisha mabaya ilijulikana na mkubwa na mdogo. Tatu, alitangaza mchango wake pamoja na ule wa "marafiki" wasiotajwa. Mwisho, alidai shukrani, nayo shukrani ilikuwa kura. Kwa hatua hizo nne, haki ya raia iligeuzwa fadhila.

Sisemi kwamba harambee ilikuwa mbaya tangu asili. Mzee Kenyatta alipoifanya wito wa taifa mwaka 1963, wananchi waliitika kwa mawe, mbao na jasho lao, na katika miaka ya 1970 shule za sekondari za harambee zilikuwa nyingi kuliko za serikali. Kilichoharibika ni nafasi ya mchangaji. Mwenye jasho alifanywa mtazamaji, na mwenye bahasha akawa ndiye mwenye shughuli.

Tuitazame Garsen. Hapo unapita Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, na maswali makuu ya mkulima Mpokomo na mfugaji Muorma ni ardhi, maji, malisho na mafuriko. Mradi wa unyunyizaji wa Bura, ulioanzishwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, haukufikia ukubwa uliokusudiwa. Mashamba ya mpunga ya TARDA katika delta yaliharibiwa na mafuriko ya El Nino ya 1997. Kisha mwaka 2012 majirani waliuana, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Sidai kwamba harambee ndiyo iliyoleta maafa hayo. Ninachodai ni kwamba hakuna bahasha inayoweza kuyatatua, kwa maana yanahitaji bajeti, sheria ya ardhi itekelezwayo, na viongozi wa kuulizwa. Hotuba ya harambee huyanyamazia yote hayo. Inapotoa mabati kwa kijiji kimoja na kukipita cha pili, huwafunza majirani kushindania upendeleo badala ya kudai haki pamoja.

Sheria imejaribu kuuponya ugonjwa huu. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 iliwakataza kutumia vyeo vyao kukusanya michango. Mnamo Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alitangaza kuwazuia watumishi wa umma kushiriki harambee. Hata hivyo, sheria humfunga mtoaji mkono tu. Haimfundishi mpokeaji kuuliza.

Kazi hiyo ni ya mwalimu. Mwanafunzi wa Garsen na afunzwe kumwuliza kila mgeni wa heshima maswali matatu: Fedha hizi zimetoka wapi? Mbona hazikupitia bajeti? Nani atazitolea hesabu? Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na raia ana haki ya kumjua aliyeunda, na kwa mali ya nani.