Heshima ya Mgeni Si Wingi wa Nyama

Kwetu Mombasa nyama ni heshima. Mgeni akija huchinjiwa, na asiye na cha kuchinja hukopa. Hata hotelini, ukarimu wa mtu hupimwa kwa vipande alivyowaagizia wenzake. Jioni ukipita mbele ya Ngome ya Yesu ukaingia Mji wa Kale, ukashika Ndia Kuu kisha ukapinda kwenda Kibokoni, moshi wa mishkaki ndio unaokupokea. Hilo si baya. Ni ada njema tuliyoirithi. Ila ada hii ina jamaa zetu inaowaacha nje ya mlango.

Nawasema wagonjwa wa figo walioambiwa na daktari wapunguze protini. Sukari na presha, maradhi mawili tuyajuayo vyema, ndiyo yaongozayo kwa kuharibu figo. Protini za nyama, samaki, mayai, maziwa na jamii ya kunde mwili huzitumia kujijenga, na masazo yake huwa yurea, ambayo figo huitoa kwa mkojo. Figo zikidhoofika, masazo hayo hubaki damuni.

Mwongozo wa kimataifa wa KDIGO wa mwaka 2024 wapendekeza kwamba mtu mzima ambaye figo zake zimepungua nguvu, naye hajaanza kusafishwa damu kwa mashine, ale gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 fungu lake ni gramu 48. Nyama iliyopikwa ya gramu 100 ina protini zipatazo gramu 25. Basi sahani moja ya biriani yenye nyama ya gramu 200 imemaliza fungu la siku nzima, na chai ya maziwa ya asubuhi na mbaazi za mahamri bado hazijahesabiwa.

Hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Aliyekwisha anza kusafishwa damu kwa mashine hukumu yake ni nyingine: yeye huhitaji protini zaidi, si kidogo, kwani mashine humpunguzia. Kwa hiyo asimwige jirani yake kwa kuwa wote wawili wana ugonjwa wa figo. Kila mmoja afuate kipimo cha daktari wake.

Sasa mtu huyu afanyeje wenzake wakimwita hotelini? Aghalabu huchagua mojawapo ya mambo mawili, na yote ni mabaya. Ama hujifungia nyumbani, akakosa mazungumzo na watu aliozoeana nao miaka thelathini. Ama huenda akala kama wanavyokula wao, asijulikane kuwa ni mgonjwa. Wa kwanza hudhoofika kwa upweke, na pengine huacha kula hata chakula anachohitaji. Wa pili twajua mwisho wake, kwani wahenga walikwisha sema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Rai yangu ni kuwa aende, aketi, aseme. Jiko la Kiswahili si maskini. Wali gramu 100 una protini gramu 2 au 3 tu. Muhogo wa kuchemsha una kama gramu 1. Kuna bamia, mabiringani, mchicha na kachumbari. Aagize wali na mchuzi wa mboga, na kipande kimoja kidogo cha samaki au nyama, apate ladha. Lakini asidhani kuwa kukosa nyama ni kukosa protini: bhajia za dengu, mbaazi na maharage zinazo nyingi. Muhogo, viazi, nazi na madafu navyo vina potasiamu, ambayo baadhi ya wagonjwa hukatazwa, aulize kwanza. Na mabirimbi tuyapendayo katika achari ayaepuke. Madaktari wa Kerala, India, waliandika mwaka 2013 habari za watu walioharibikiwa figo ghafla baada ya kunywa maji yake mengi.

Wenye hoteli nao nawaombea mambo matatu, wala hayana gharama. Kwanza, nyama itiwe katika bakuli lake, wali katika sahani yake, mtu ajipimie. Pili, waruhusu nusu sahani bila ya kumtazama mteja kwa jicho la bahili. Tatu, wapunguze chumvi jikoni na kuiweka mezani, maana Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kidogo cha chai. Mtalii atokaye kuitazama Ngome akisema hali nyama, mhudumu humjibu "Hewalla" na kumpikia. Mzee wa mtaani akisema hivyo hivyo, huulizwa kama pesa zimemwishia. Kwa nini mgeni wa siku moja asikilizwe, na mwenyeji wa maisha achekwe?

Na sisi tunaoketi naye meza moja tuna letu. "Kula bwana, kipande kimoja hakiui" ni neno la mapenzi, lakini humtia mtu katika dhiki ya kuchagua baina ya afya yake na uso wake. Dini yetu imemrahisishia mgonjwa hata katika saumu, ambayo ni nguzo: Sura ya Baqara yampa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyengine. Ikiwa Mola amempunguzia mja katika faradhi, sisi ni nani wa kumlazimisha katika biriani?

Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kuwa tumbo lisijazwe chakula kitupu, bali lina theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi. Mafundisho hayo ni ya sote, wazima na wagonjwa. Basi tukimwalika mwenzetu, tumuulize kwanza anachoweza kula, kisha tuagize. Kuulizwa huko ndiko kukirimiwa.