Aungaye Mfupa Ni Nani?

Tangu mwezi uliopita, mwenzetu mmoja alipoanguka uwanjani na kuvunjika mkono, bwenini kwetu ubishi haujaisha. Wako wasemao kwamba mfupa ni kazi ya hospitali tu. Na wako wasemao kwamba hospitali watakutia vyuma bure, heri mganga wa kijijini mwenye mabanzi na mafuta yake. Nimewasikiliza wote, kwa kuwa nami niliwahi kuvunjika, na maoni yangu ni kwamba pande zote mbili zimesahau jambo moja. Mfupa hauungwi na daktari wala mganga. Hujiunga wenyewe.

Mfupa ukivunjika, damu humwagika mahali pale ikaganda. Baada ya wiki mbili au tatu huwapo gegedu laini, iliyozishika ncha mbili za mfupa kama gundi ambayo haijakauka. Kisha chokaa ya mwilini huingia humo, gegedu ikageuka mfupa mpya, mnene kuliko ule wa kwanza. Ndiyo sababu aliyepona akijipapasa huona kifundo. Kifundo hicho nacho huchongwa na mwili polepole kwa miezi mingi, pengine miaka. Mkono wa mtoto waweza kushikana kwa wiki 3 hadi 6, lakini fupa la paja la mtu mzima hutaka miezi 3 au zaidi. Mafuta ya kupaka hayafiki huko ndani, na wanaojisifu kuwa waliliondoa hogo kabla ya siku zake ili wacheze mpira wanajisifia upumbavu.

Basi kazi ya mwanadamu ni kuunyosha mfupa, kuutuliza, na kuiacha damu ipite. Mabanzi ya mganga na plasta ya daktari ni ndugu. Bandeji ya plasta ilianzishwa mwaka 1851 na Antonius Mathijsen, daktari wa jeshi la Uholanzi. Naye Hugh Owen Thomas, tabibu wa Liverpool ambaye gango lake la mguu latumika hata leo, alitoka katika ukoo wa waunga mifupa wa kijadi wa kisiwa cha Anglesey. Kwa hiyo mimi siwacheki waganga wetu. Lakini mganga hana eksirei ya kumwonyesha kama ncha zimekutana, na mfupa uliotoboa ngozi ni wa kupelekwa hospitali siku ile ile, maana uchafu ukiingia mfupani waweza kumpotezea mtu mguu. Hapo sina ubishi na mtu.

Hilo la damu kupita ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nilipokuwa na miaka 12 nilianguka kutoka juu ya mwembe. Nilifungwa mabanzi kwa kamba, zikakazwa sana. Usiku vidole vikavimba, nikalia, nikaambiwa mwanamume halii, na kwamba maumivu yale ndiyo mfupa unavyounga. Bibi yangu alivigusa vidole, akaona ni baridi. Hakuuliza mtu, alizikata kamba kwa kisu cha jikoni. Asubuhi nikapelekwa hospitali. Mkono ule ndio ninaouandikia sasa. Mtoto wa jirani yetu hakuwa na bahati hiyo. Mfupa wake uliunga vizuri kabisa, lakini vidole vimekunjamana, havifunguki wala havishiki jembe.

Ulemavu huo ulielezwa tangu mwaka 1881 na Richard von Volkmann, daktari wa Kijerumani, naye alionya juu ya bandeji zilizokazwa mno. Na tusidhani ni wa mabanzi tu, kwani mkono huweza kuvimba ndani ya hogo la hospitali pia. Nyama iliyokosa damu huanza kufa kwa muda wa saa 6 hivi. Dalili ya kwanza ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hasa vidole vikinyoshwa. Kisha ganzi, ubaridi, na vidole kukataa kutii.

Shuleni petu mwenye hogo akilalamika usiku huambiwa anatafuta ruhusa ya kwenda nyumbani. Nawaomba viranja waache neno hilo. Siku mbili tatu za kwanza kiranja avitazame vidole kabla ya taa kuzimwa, na akiona dalili hizo amwamshe mwalimu wa zamu, mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane.

Mwenzetu wa mwezi uliopita bado ana hogo lake, limejaa majina yetu kwa wino. Jana usiku nilimwomba anichezeshee vidole. Alinicheka, lakini alivichezesha vyote vitano.