Seva ndogo ya Kindu: intaneti ikikatika, sauti zetu zinabaki kwa nani?

Wiki mbili baada ya tangazo lake kupita hewani, mama mmoja alirudi kwenye redio. Alikuwa amekimbia vita upande wa Kivu ya Kusini, akafika Kindu na watoto wawili. Wa tatu walipotezana njiani. Sisi tulirekodi sauti yake: jina la mtoto, kijiji, rangi ya nguo aliyovaa. Sasa mama alirudi pamoja na mjomba wa mtoto, aliyetoka Kasongo. Waliomba jambo moja tu, kusikiliza tena lile tangazo, maana mjomba aliambiwa kwamba jina la kijiji lilitajwa vibaya.

Siku ile seva yetu ilikuwa imekufa. Nikapiga simu kwa fundi, naye akajibu kwa sauti ya mtu aliyechoka: «Yaya, mashini iko inawaka, lakini haiko inatoa kitu.» Tangazo tulilipata kwa bahati, ndani ya flashi ya mtangazaji mmoja ambaye alikuwa bado hajaifuta. Mjomba alikuwa na haki: jina lilikuwa na kosa. Tulirekodi upya, likapita tena jioni ileile.

Tangu siku ile ninajiuliza swali ambalo si la redio peke yake. Hapa Kindu kuna shule, makanisa, misikiti, mashirika na vituo vya afya vinavyoweka kazi yao yote ndani ya simu na kompyuta. Je, vitu hivi vinakaa wapi? Na siku njia ikikatika, nani anaweza kuvifungua?

Seva ni nini, na kwa nini iko nyumbani

Seva ni kompyuta isiyozimwa. Kazi yake ni kutunza vitu na kuvitoa wakati simu au kompyuta nyingine inaviomba. Picha yako ya Facebook iko ndani ya seva kubwa, mbali na hapa. Seva yetu ni ndogo, inaingia katika kiganja cha mkono. Ni Raspberry Pi, aina ya kompyuta ndogo iliyotoka Uingereza mwaka 2012, na pembeni yake kuna diski moja na ruta moja. Inakaa nyumbani kwa fundi, komini ya Mikelenge, kwa sababu kwake kuna paneli za jua na mlango unaofungwa vizuri.

Ruta ile inafanya kazi hata bila intaneti. Hili wengi hawalijui. Wifi na intaneti ni vitu viwili. Wifi ni njia ya ndani ya nyumba, intaneti ni barabara ya kwenda nje. Barabara ikifungwa, njia ya ndani inabaki. Mtu akiwa karibu na nyumba anaunga simu yake, anaandika anwani ya seva, anasikiliza kipindi au anakichukua, bila kulipa megabaiti hata moja.

Wenzetu walitangulia. Kule Gulu, kaskazini mwa Uganda, tangu 2007 mradi wa BOSCO uliweka kompyuta zinazotumia jua katika kambi za wakimbizi wa ndani, zikaungana kwa redio za masafa marefu. Watu wa kambi moja waliweza kuwasiliana na wa kambi nyingine. Kwetu hapa Kongo, kisiwa cha Idjwi katikati ya ziwa Kivu kilipata mtandao wa jamii unaoitwa Pamoja Net. Kibera, mjini Nairobi, kuna vijana wa Tunapanda waliojenga mtandao wao kati ya shule na vituo vya mtaa. Kwa hiyo si ndoto ya vijana wanaopenda mashini.

Starlink imekuja, je, bado tunahitaji seva?

Hili ni swali ninaloulizwa kila siku. Machi 2024, ARPTC, yaani mamlaka ya posta na simu ya nchi yetu, ilikataza Starlink. Mei 2025 ikaipatia ruhusa. Sasa watu wanasema: tununue sahani, tuweke vitu vyote huko juu katika kile wanaita «wingu», tuachane na mashini ya fundi.

Mimi ninaona tofauti. Starlink inaleta barabara nzuri, lakini barabara si ghala. Na barabara zetu za intaneti tumeziona zikifungwa, mara kwa amri, mara kwa ajali.

Kwa amri: Januari 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti na SMS zilikatwa. Kiisha, tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi wa rais, intaneti ilikatwa tena nchi nzima, ikarudi karibu siku 20 baadaye. Mtu aliyekuwa ameweka kazi yake nje ya nchi hakuweza kuigusa wakati wote ule.

Kwa ajali: mto huu unaopita kati yetu na Alunguli ni uleule unaoingia baharini karibu na Muanda. Pale chini ya bahari kuna bonde refu lililochimbwa na mto. Tarehe 6 Agosti 2023 tope na mawe viliporomoka ndani ya bonde lile, vikakata nyaya mbili kubwa za intaneti, WACS na SAT-3. Meli ya kutengeneza ilitoka Afrika ya Kusini, na kazi ilichukua wiki nyingi. Hakuna mtu aliyetoa amri siku ile.

Sahani ya Starlink haitegemei nyaya zile moja kwa moja, ni kweli. Lakini inategemea ruhusa, inategemea malipo ya kila mwezi, na inategemea umeme. Yule mama hakuhitaji satelaiti ili asikilize sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa mita chache kutoka barabarani.

Seva inakufa namna gani

Sasa niseme ukweli wa upande wetu, maana ni rahisi kusifu seva ya nyumbani na kuficha taabu zake. Yetu imeanguka mara nyingi. Nilikaa na fundi siku moja nzima, tukaandika sababu katika daftari. Ziko tano.

Ya kwanza ni umeme. Mashini ndogo, diski na ruta pamoja zinakula kama wati 20. Kwa saa 24 hizo ni watisaa 480. Batri ya volti 12 na ampea 100 ina watisaa 1200, lakini batri ya risasi ukiishusha chini ya nusu kila siku, unaiua. Kwa hiyo unabaki na 600 za kutumia. Hesabu inatosha kwa siku moja na kidogo. Siku mbili za mawingu na mvua, mashini inazima. Fundi alikuwa anaongezea televisheni kwenye batri ileile wakati wa mpira, na hapo ndipo ilikuwa inaanguka. Ameacha.

Ya pili ni kadi. Raspberry Pi inaweka programu zake katika kadi ndogo kama ya simu. Umeme ukikatika wakati mashini inaandika, kurasa zinachanganyika, na kesho yake haiwaki vizuri. Hii njo iliyotuangusha siku ya mama. Taa iliwaka, lakini ndani kadi ilikuwa imeharibika. Diski yenye sauti ilikuwa nzima, ila mashini haikuweza kuisoma. Dawa yake ni kuwa na kadi ya pili iliyonakiliwa, imekaa kwenye bahasha. Unachomoa, unaingiza, dakika kumi kazi imeisha. Wengine wanatumia kompyuta ya mkononi ya zamani badala ya Pi, kwa sababu ina batri yake ndani na haistuki umeme ukienda. Kwa mji kama wetu si wazo baya, ingawa inakula umeme zaidi.

Ya tatu ni saa. Hii ilitusumbua wiki nzima bila kujua. Raspberry Pi za zamani hazina saa yenye batri. Zikizimwa, zikiwaka tena zinauliza saa kwenye intaneti. Intaneti isipokuwepo, mashini inaendelea na saa ya wakati ilipozimika. Vipindi vya Alhamisi vikaandikwa Jumanne, na kurasa nyingine zikakataa kufunguka kwa sababu tarehe haikulingana. Dawa ni kipande kidogo cha saa chenye batri ya mviringo kama ya saa ya mkono. Hata Pi 5, iliyotoka 2023 na saa ndani yake, batri yake inanunuliwa pembeni.

Ya nne ni anwani. Ruta inagawa namba kwa kila kifaa kinachoingia. Umeme ukirudi inaweza kugawa upya, na seva inapata namba nyingine. Watu wanaandika ile ya zamani, hakuna kitu, wanasema seva imekufa kumbe iko inalala vizuri kabisa. Lazima uiambie ruta iiwekee seva namba moja ya kudumu. Halafu kuna simu zenyewe: simu nyingi zikiona wifi isiyo na intaneti zinairuka na kurudi kwenye data ya laini. Kwa hiyo tunamwambia kila mtu: zima data kwanza, kiisha fungua.

Ukitaka kuifikia seva ukiwa mbali, nje ya mji, hapo ni kazi nyingine. Mitandao ya simu, na Starlink vilevile kwa wateja wa kawaida, inaweka watu wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Ni kama kiwanja chenye nyumba mia na mlango mmoja: mgeni akigonga, hakuna anayejua anamtaka nani. Kuna programu zinazotoboa njia ya siri, kama WireGuard, lakini lazima upange seva ndogo nje ili iwe mlinzi wa mlango. Sisi tumeamua tuache hilo kwanza.

Ya tano ni nafasi. Saa moja ya sauti isiyobanwa, ile ya WAV, inakula karibu megabaiti 635. Ukiibana kwa MP3 ya kilobiti 128, inabaki kama 58. Redio inayorekodi saa nane kwa siku itajaza diski ya terabaiti moja kwa miezi sita na nusu ikitumia WAV. Ikitumia MP3, inakwenda karibu miaka sita. Na kupata diski mpya hapa si jambo la kwenda sokoni. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ufungwe Januari 2025, tunaagiza Kinshasa, Lubumbashi au Kisangani, na tunangoja.

Ugonjwa wa sita

Nimesema sababu tano, lakini daftari linaonyesha ya sita ambayo fundi hakutaka kuiandika. Siku alipokuwa mgonjwa wa malaria, seva ilizima siku nne. Neno la siri lilikuwa kichwani mwake tu. Mke wake alijua mashini iko wapi lakini aliogopa kuigusa. Mkurugenzi wetu alimwambia kwa upole: «Papa, siku Mungu akikuita, utaondoka na redio yetu mfukoni.» Watu wakacheka, lakini si maneno ya kucheka.

Hapa ndipo ninafikia mawazo yangu. Hatari kubwa ya seva ya nyumbani ni kutegemea kichwa cha mtu mmoja. Ukiwapa vitu vyako kampuni ya mbali, unaitegemea kampuni na barabara. Ukivipa mashini ya fundi peke yake, umebadilisha bwana tu.

Kuna jambo la haki pia. Sheria ya dijitali ya nchi yetu, iliyotiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za watu binafsi. Sauti ya mama anayetafuta mtoto, na namba ya simu ya mjomba, ni mali yao. Ukiziweka kwenye wifi ya mtaa bila kufunga, mtu mbaya anaweza kuzichukua na kumpigia mama simu ya uongo kumwomba pesa. Kwa hiyo sasa tumegawa: vipindi viko wazi kwa wote, matangazo ya watu waliopotea yako katika chumba chenye neno la siri.

Mambo ambayo tumebadilisha ni madogo. Watu wawili wanajua kuendesha seva, mmoja wao ni dada wa ufundi studioni. Neno la siri liko katika bahasha iliyofungwa, kabatini kwa mkurugenzi. Kila Jumamosi sauti za wiki zinanakiliwa kwenye diski ya pili inayokaa studioni, na moja ya kila mwezi inavuka mto kwa mtumbwi kwenda kwa rafiki wa redio Alunguli. Nyumba ikiungua Mikelenge, Alunguli inabaki. Na kila mwezi tunajaribu kufungua sauti moja kutoka nakala ile, maana nakala ambayo hujaijaribu hujui kama ipo.

Yule mama bado anapita siku za soko. Mtoto hajaonekana. Lakini akiomba kusikiliza tangazo lake, tunalifungua hapohapo.

Shule au shirika linalotaka kuona namna tunavyofanya, lije studioni Jumamosi asubuhi na flashi yake. Fundi atakuwepo. Asipokuwepo, dada atakuwepo.