Kodi ya Daraja Ilipoliwa

Watoto wetu wa chekechea wamefunzwa wimbo wa Kiingereza kuhusu Daraja la London na kuporomoka kwake. Waimbao hawaulizi liliangushwa na nini. Nami naona swali hilo lina uzito kuushinda wimbo wenyewe.

Daraja la mawe la London lilianza kujengwa mwaka 1176 chini ya usimamizi wa kasisi mmoja, Peter wa Colechurch. Hakujaaliwa kuliona likikamilika. Alifariki mwaka 1205, akazikwa katika kanisa dogo lililokuwa juu ya daraja lilo hilo. Kazi ilikwisha mwaka 1209, enzi ya Mfalme John. Lilikuwa na matao 19, na juu yake zikapangwa nyumba na maduka.

Mawe hayo yamesifiwa mno, lakini daraja lenyewe lilizaliwa na ila. Nguzo zake zilisimama juu ya magogo yaliyokitwa katika tope la Mto Thames, na kila nguzo ikazungushiwa ua wa magogo uliojazwa kifusi ili msingi usichimbwe na maji. Nyua hizo zilikuwa pana hata zikakaribia kuuziba mto. Maji yakabanwa, yakapita kwa kishindo cha maporomoko, na kasi iyo hiyo ikazidi kuzimega nyua. Wenye mashua waliothubutu kupenya hapo wakati wa kupwa walihatarisha roho zao. Hapakuwa na mwaka ambao fundi angeweza kukunja mikono.

Ndiyo sababu daraja hilo lilitengewa mali yake: kodi za nyumba, ardhi na sadaka za waumini, vyote vikiwa wakfu kwa matengenezo. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo nguzo kuu iliyolishikilia, ingawa haionekani katika michoro.

Nguzo hiyo ndiyo iliyochezewa. Takriban mwaka 1270 Mfalme Henry wa Tatu alimkabidhi mkewe, Malkia Eleanor wa Provence, mapato ya daraja. Wakazi wakalalamika kwamba malkia hupokea kodi wala hatengenezi kitu. Katika majira ya baridi ya mwaka 1281 kuingia 1282, barafu ya mtoni iliyasukuma matao, na matano yakaanguka. Ni nani aliyegharamia? Mfalme Edward wa Kwanza, mwana wa malkia uyo huyo, aliidhinisha wavukao na bidhaa zao watozwe ada. Raia aliyekwisha kulipa kodi ya pango akalipa tena kwa kila hatua yake.

Watakuwapo watakaonijibu kwamba barafu ni kudura ya Mungu. Sikatai. Lakini Thames iliganda mara nyingi baadaye, hata katika baridi ya mwaka 1683 na 1684 watu wakafanya soko juu yake, na daraja likabaki limesimama. Lilibomolewa kwa makusudi baada ya daraja jipya kufunguliwa mwaka 1831, likiwa limetumika kwa zaidi ya miaka 600.

Wakfu wake haukubomolewa. Hadi leo ndio unaotunza madaraja matano ya London, likiwamo Tower Bridge, bila kugusa ushuru wa wananchi. Na tangu mwaka 1995 ziada inayosalia hutolewa kuwasaidia wahitaji wa jiji hilo.