Sindano ya miezi minne na maziwa ya watoto

Baba alirudi kutoka mnadani na kichupa kimoja na maneno mengi. Jirani alimwambia ipo dawa ya minyoo ya sindano inayokaa mwilini mwa ng'ombe miezi mitatu hadi minne. Unachoma mara moja, unasahau. Kesho yake, Novemba 10, kabla hata ya chai, alishamchoma dume. Alikuwa anavuta dawa ya ng'ombe anayekamuliwa mama alipotokea na ndoo.

"Baba watoto, hayo maziwa ya jioni nani atayanywa?"

Baba alicheka. Maziwa si yanachemshwa? Lakini alishusha sindano, na hapo ndipo alipookoa mambo, kwani wanaume wengi wangechoma kwanza wakabishana baadaye.

Mtaalamu wa mifugo alipofika mchana, alisoma kwanza kibandiko ambacho baba hakukisoma. Dawa ilikuwa ni ivamektini ya asilimia 3.15. Ile ya kawaida ni ya asilimia 1. Zote mbili kipimo chake ni mililita 1 kwa kila kilo 50 za ng'ombe, chini ya ngozi, ndiyo maana mtu hudhani ni dawa ileile. Kumbe katika mililita hiyohiyo moja hii ya muda mrefu ina dawa zaidi ya mara tatu, tena imechanganywa ili iachie kidogo kidogo. Dawa hii hupenda mafuta. Hukaa kwenye mafuta ya mwili, kisha hutoka kwenye maziwa, na malai na samli hubeba sehemu kubwa. Moto wa jikoni hauiondoi. Kibandiko kiliandika wazi kwamba haifai kwa ng'ombe ambaye maziwa yake yananywewa na watu.

"Kwa hiyo, dokta, yeye tumwache na minyoo yake?" mama aliuliza.

Daktari alichukua kinyesi kidogo cha kila mnyama akakipime. Ng'ombe mzima aliyekwisha kuzaa mara kadhaa huwa amejijengea kinga dhidi ya minyoo mingi ya tumboni. Wanaoumia ni ndama na mitamba katika msimu wao wa kwanza malishoni. Akionekana ana mayai mengi, zipo dawa ambazo maziwa yake husubiriwa siku chache tu, kama albendazoli ya kunywesha, ila hiyo nayo asipewe aliye mwanzoni mwa mimba.

Mtamba ndiye aliyemtia wasiwasi. Alikuwa amekonda, ana uvimbe laini chini ya taya, na hulishwa bondeni kwenye majimaji. Hapo konokono hawakosi, na penye konokono huenda pakawa na minyoo ya ini. Ivamektini, ya muda mfupi au mrefu, haiui minyoo ya ini. Angechomwa, nyumba nzima ingekaa miezi minne ikiamini ametibiwa huku ini linaliwa.

Kuhusu kuchoma zizi zima kila mara, daktari hakupendezwa. Dawa ikikaa mwilini muda mrefu hufika siku inapungua nguvu, na minyoo inayovumilia kipimo hafifu ndiyo inayobaki kuzaa. Kukadiria uzito kwa macho huharibu zaidi. Utepe wa kuzungusha kifuani haugharimu sana. Sehemu ya dawa hutoka pia na mavi, ikadhuru mabuu ya mbawakawa wale wanaoviringisha mavi na kuyafukia ardhini. Wadudu hao wanamfanyia mfugaji kazi bila mshahara.

Yote hayo baba aliyasikiliza kwa utulivu mpaka daktari alipogeukia dume. Nyama yake, kwa mujibu wa kibandiko, isiliwe kabla ya siku 122. Mama alihesabu kwa vidole, kisha akaenda kutazama kalenda ya ukutani. Machi 12. Dume lilikuwa la kuuzwa kwa mchinjaji mwanzoni mwa Januari, kwa ajili ya sare, daftari na godoro la binti anayekwenda bweni.

Palikuwa na ukimya. Baba alisema polepole kwamba mchinjaji hataulizia sindano. Mama akamjibu kwamba hiyo nyama itapikwa na watu wa kijiji hikihiki, pengine na dada yake.

Januari mama alikopa kwenye kikoba, mbuzi wawili wakauzwa kwa bei ya kukatisha tamaa, na binti akaenda shule na godoro la kaka yake. Tarehe ya sindano iliandikwa kwa mkaa kwenye nguzo ya zizi. Mchinjaji alipopiga simu mara ya tatu, baba alimwambia aje katikati ya Machi, akamweleza na sababu.